Mukubwa wa Shamba Alikaa Kwenye Kiti

Nimefanya kazi nyingi za kijinga hapa Goma. Nimeuza vocha za simu nimevaa aproni ya rangi ya ndizi mbivu, nimesimama mlangoni kwenye harusi za watu nisiowajua, nimefundisha Kifaransa watoto waliokijua kunishinda. Lakini hakuna kazi iliyonitia kichefuchefu kama ile ya kuhesabu mashamba. Na niseme mapema kwamba nusu ya kichefuchefu chenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Tulitangaziwa kwamba nchi yetu nayo itaingia katika hesabu kubwa ya mashamba. Nchi nyingi zingeulizwa maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, ili siku moja majibu yawekwe kwenye jedwali moja, nchi chini ya nchi, na wakubwa wa mahali fulani waliangalie wakitikisa vichwa. Walitafuta vijana wenye diploma, wanaojua Kiswahili cha huku, ambao miguu yao bado ina nguvu. Diploma nilikuwa nayo, na miguu pia.

Mama yangu alicheka. Sisi ni watu wa mtaa wa Mapendo, ukoo wa biashara. Babu alikuja kutoka Maniema na marobota ya nguo, na tangu siku hiyo hakuna mutu wa nyumba yetu aliyeshika jembe. "Umesoma miaka yote ile," aliniambia, "ili uende kuhesabu majembe ya batu?" Nilimjibu kwamba hatuhesabu majembe, tunachunguza muundo wa mashamba. Alisema, "Ehe," akaendelea kuchambua mchele.

Mafunzo yalichukua siku tano. Mtaalamu aliyeletwa kutufundisha alivaa mabuti ya kupandia milima, na kwa siku zote tano sikuona vumbi hata kidogo juu ya mabuti yale. Goma hii, mutu akikosa vumbi miguuni ujue hajawahi kushuka kwenye gari. Alitugawia kitabu cha maelekezo kinene kama tofali, na tableti zenye maswali, tukayasoma kwa sauti mmoja mmoja kama watoto wa darasa la kwanza. Je, shamba lina mashine ya kukamulia ng'ombe? Je, lina nyumba ya vioo ya kuoteshea mboga? Je, mukubwa wa shamba hutumia kompyuta katika kulisimamia? Mwenzangu mmoja, mutoto wa wakulima wa Rutshuru, aliinua mkono akauliza kama tunaweza kuyaruka hayo. Mtaalamu alitabasamu lile tabasamu la kuwatabasamia wagonjwa. "Hapana," alisema. "Mukiyaruka, hamutalinganishwa."

Neno hilo alilipenda kupita kiasi. Kulinganishwa! Ungedhani mama anayelima kwa jembe juu ya mawe ya volkano halali usingizi, analilia tu kulinganishwa na mkulima wa Ulaya ambaye ng'ombe wake wamevalishwa namba masikioni. Nilimdharau mtaalamu yule, nikadharau na kitabu chake. Ndani ya kitabu chote, sentensi moja tu ndiyo niliyoiheshimu. Ilisema mukubwa wa shamba ni yule anayeamua kila siku nini kipandwe, kipandwe lini, nini kiuzwe na nini kiliwe. Si lazima awe mwenye cheo, na si lazima awe mwanaume. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha nikafunga kitabu na kuisahau.

Ekipi yetu, yaani kikundi chetu, ilipewa upande wa magharibi, kupita Lac Vert kuelekea Sake, pamoja na vilima vilivyo juu ya barabara. Watu walikuwa ndio wanarudi mashambani baada ya miezi mingi ya kukimbia vita na kuishi chini ya mahema, na wengine walikuta majani yamewazidi urefu. Sisi tukawafikia na tableti zetu. Tableti ilitaka ektari. Huku mutu hakutajii ektari. Anakuambia shamba lake linakula mirongo sita ya maharagwe, na murongo ni kile kibakuli cha kupimia sokoni, kila mutu anakijua. Ukubwa wa shamba ni mbegu inayoingia ndani yake. Anajua la kwake, anajua la jirani, na hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake. Lakini shefu wa ekipi yetu, bwana mmoja wa shati jeupe aliyekuwa anatungojea ndani ya gari na madirisha yamefungwa, alisema murongo si kipimo. Basi tukawa tunazunguka kila shamba tumeshika tableti mbele ya kifua ili ipime ektari zake, tunaruka mifereji, tunateleza, na wanawake wanaopalilia wananyoosha migongo kututazama.

Tableti ilitaka pia zao kuu la kila kipande. Nenda ukaulize zao kuu kwenye shamba lenye maharagwe chini, mahindi juu yake, mihogo pembeni na migomba ikifunika vyote. Unajibiwa kwa upole kabisa: "Ni yote, papa. Si tunakulaka yote?" Sehemu ya kuandika yote haikuwepo. Mimi niliandika maharagwe kwa kila mutu, kwa sababu yalikuwa ya kwanza kwenye orodha.

Asubuhi moja nikafika kwa mama mmoja, mjane, mwenye watoto watano. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba yeye ndiye alikuwa wa kwanza kurudi kwenye kilima kile, kabla hata ya wanaume, na alifyeka majani peke yake wiki tatu. Siku ile sikujua hayo, wala sikuuliza. Niliona mwanamke mwenye udongo mpaka magotini, jembe begani, na maharagwe nyuma yake yameanza kutoa maua. Nilimsalimu, nikamweleza kazi iliyonileta.

"Ngojea kidogo, papa," alisema. "Shemeki yangu iko hapa leo. Ye njo anajibuaka bageni."

Shemeki huyo ni ndugu mdogo wa marehemu mume wake. Na hapa nieleze jambo ambalo mtaalamu wa mabuti hakulijua, lakini mimi nililijua vizuri sana. Kwa jamaa nyingi za huku, mgeni akija na karatasi anajibiwa na mwanaume wa ukoo, hata kama mwanaume huyo hajawahi kulala hapo. Mwanamke akijibu mwenyewe, majirani watasema nyumba imebaki bila watu. Mama yule alikuwa na adabu zake. Alileta viti viwili, kimoja akanipa mimi, kimoja akampa shemeki. Yeye akasimama nyuma ya kiti cha shemeki, mikono juu ya mpini wa jembe.

Shemeki alikuwa mutu wa mjini, viatu vya ncha, simu mbili, manukato yaliyotufikia kabla yake. Alipanda kilima wakati ndizi zimekomaa, akapakia, akashuka. Ndiyo ilikuwa kazi yake yote pale. Nilimdharau tangu alipofuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Nikaanza kuuliza, kwanza kwa murongo, kipimo wanachokijua, ingawa shefu alikikataa. Shamba linakula mirongo mingapi? Shemeki akageuza kichwa nyuma. "Mirongo tano," akasema mama. "Mirongo tano," shemeki akaniambia mimi. Nikaandika. Mwisho wa shamba ni wapi? Kichwa kikageuka. "Huku juu ni ile minyaa ya mpaka, huku chini ni mufereji." Akanirudishia maneno hayo hayo, kwa sauti nzito zaidi. Mbuzi ni wangapi, migomba ilipandwa lini, maharagwe ya kula ni yapi na ya mbegu ni yapi. Kichwa kiligeuka mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikasikia shingo inaniuma, na kila mara niliandika jibu kana kwamba limetoka kwake.

Lile swali la mstari mwekundu, nani anaamua, sikulisoma. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, nilibakiza nyumba nne, na mbele yangu kulikuwa na mwanaume amekaa kwenye kiti. Niliandika jina lake mahali pa mukubwa wa shamba. Mama nilimweka kwenye ukurasa wa nyuma, katika orodha ya watu wa nyumba wanaosaidia kazi bila malipo. Mutu wa kusaidia. Nilifanya hivyo bila hata kupepesa macho, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Kila ukimaliza nyumba ulitakiwa kuacha kipande cha karatasi chenye namba, jina la mukubwa wa shamba na muhuri wa zambarau, ili ekipi nyingine isije ikahesabu mara ya pili. Basi, ni hilo tu. Hakikuwa na maana nyingine yoyote. Lakini mimi nimezaliwa huku. Naijua nguvu ya muhuri kwa watu ambao wamepoteza kila karatasi njiani wakikimbia. Ningeweza kueleza maana yake kwa sentensi moja. Nilikipiga muhuri, shemeki akanyoosha mkono, nikampa, akakikunja vizuri na kukiweka kwenye mfuko wa shati. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa na parachichi mbili.

Wiki chache zikapita. Siku moja mlinzi wa biro, ofisi ya ekipi yetu, alikuja kuniita, anacheka, eti nina mgeni mwenye jembe. Mama yule alikuwa ametembea tangu alfajiri. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Papa," alisema, "ile karatasi yako inanifukuza kwa shamba."

Nikamkalisha, akanieleza. Shemeki alikuwa amempata mutu anayetaka kupanda mikaratusi ya kuchoma makala, yaani makaa, kilima kizima. Alipoulizwa shamba ni la nani, alienda kwa shefu wa kijiji na kile kipande cha karatasi: serikali imekuja, imehesabu, imeandika jina langu, muhuri huu hapa. Shefu alikuwa ameitisha mkutano Jumamosi. Maharagwe yalikuwa bado hayajakauka. "Kama banakata," alisema, "mimi na batoto tunarudia hema." Alisema hivyo kama mutu anayetaja njia aliyokwisha kuipita.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu wa ekipi. Shati lake lilikuwa jeupe vile vile. Nilimwambia nimeandika vibaya, mukubwa wa shamba ni mama, tubadilishe. Akafungua kompyuta, akaangalia, akafunga. "Imeshatumwa," alisema. "Haifunguki." Nikamwambia mutu atapoteza shamba lake. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichefua zaidi. "Sikiliza, papa. Mukubwa akiwa mwanaume, akiwa mwanamke, shamba ni lile lile moja. Jumla haibadiliki." Kisha akaongeza kwamba nikienda kuwaambia watu eti kazi yetu ina makosa, nisirudi kuchukua cheti cha kazi. Cheti hicho ndicho kilichonifanya niruke mifereji miezi yote ile. Bila cheti, mashirika mengine hata hayafungui barua yako.

Nilitaka kumtemea mate. Nilisema, "Sawa, shefu." Mimi ndivyo nilivyo, mdomo ni mrefu nikiwa nyumbani tu.

Jumamosi nilikwenda hata hivyo. Sijui kama ulikuwa ujasiri. Nadhani nilikuwa nimechoka kuzionja parachichi zile kila nikimeza mate. Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha shefu wa kijiji, mwanaume mnene aliyevaa koti la suti juu ya suruali ya michezo. Yeye pia alikuwa na muhuri, mdogo, aliutunza ndani ya soksi. Alikuwa ameshika kile kipande chetu na kukiinua juani, akakigeuza. "Muhuri wenu ni mukubwa," aliniambia, na niliona wivu wazi usoni mwake.

Nilisimama. Nilisema mimi ndiye niliyeandika karatasi ile, na niliandika vibaya. Nilimwandika huyu shemeki kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti.

"Kwa hiyo muhuri unasema uongo?" shefu akauliza.

"Unasema uongo, shefu."

"Na ile mingine uliyogawa kwa kilima yote?"

Watu walinigeukia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kimefichwa kwenye paa, au katikati ya Biblia. Dereva wa ekipi yetu alikuwa amesimama pale barabarani ananisikiliza, na nilijua hadithi itafika biro kabla yangu. Ilifika. Jumatatu nilirudisha tableti, cheti sikupewa, wala sikuulizwa habari. "Sijui, shefu," nilimjibu yule wa kijiji. "Labda na mingine pia."

Shefu akacheka mpaka koti likatikisika. "Mutu akisema karatasi yake ni uongo, mimi nitaamini mudomo wake kwa nini?"

Na alikuwa na haki. Nikatoa kitabu cha maelekezo mfukoni mwa mkoba, nikatafuta ule mstari mwekundu, nikausoma kwa Kiswahili, polepole: mukubwa wa shamba ni yule anayeamua kila siku nini kipandwe na lini.

"Njo mimi naamuaka," shemeki akasema palepale. Alikuwa amekaa kwenye kiti, bila shaka. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, kama siku ile. Hakuna aliyempangia asimame pale. Alisimama tu, kwa mazoea.

Sikuwa na akili nyingine iliyobaki. Nilimwuliza swali la kwanza nililomwuliza siku ile, lile lile. "Shamba linakula mirongo mingapi ya maharagwe?"

Shemeki akageuza kichwa.

Mama alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Shemeki akangoja kidogo, akakohoa, akamtazama tena. Mama akafunga vizuri kitenge kiunoni, akaendelea kuangalia chini. Ile tano ilikuwa imepita mdomoni mwa shemeki mbele yangu, wiki chache tu zilizopita, na haikuacha hata alama. "Mirongo... kumi na mbili," alisema mwishowe.

Bibi mmoja mzee aliyekaa juu ya ndoo alianza kucheka. Kisha wakacheka waliokuwa karibu naye, kisha wote, kwa sababu hakuna mutu kwenye kilima kile asiyejua shamba lile linakula ngapi. Shefu naye alijua. Ndipo akapendezwa na mchezo, akauliza yeye mwenyewe: mwisho wake, huku chini, ni wapi? Kichwa kikageuka tena nyuma. Masikini, hakuweza kukizuia. Nyuma hakikukuta neno.

Sitaki kumpa shefu sifa asizostahili. Alichojali ni kwamba watu walikuwa wanacheka, na yeye hakutaka kuwa upande wa anayechekwa. Alisema shamba linabaki kwa nyumba ya marehemu, mikononi mwa mama, kwa muda wote anaolima. Kile kipande chetu alikikunja akakitia ndani ya soksi, pamoja na muhuri wake. Shemeki akaondoka akiongea kwenye simu ambayo nina hakika haikuwa na mutu upande wa pili.

Nilimfuata mama mpaka shambani. Nilijiona nina haki ya kushukuriwa kidogo, ndio ukweli wenyewe. Nilimkuta ameshainama, anapalilia kati ya migomba. Nikamwambia, "Pole kwa yote, mama."

"Aksanti," alisema bila kusimamisha mikono. Kisha akauliza, "Na kule kwa mashini yenu, muliniandika?"

Ningeweza kumdanganya, kwa kazi ile nilikuwa nimezoea. "Uliandikwa, mama. Uliandikwa mutu wa kusaidia."

"Kusaidia nani?"

"Shemeki yako."

"Na haiwezi kufutika?"

"Haiwezi."

Akanyoosha mgongo, akaangalia maharagwe yake, mistari yote, mpaka kwenye mufereji. Hakukasirika. Aliniangalia kama vile mimi nilivyokuwa namwangalia mtaalamu wa mabuti, na sikuwa na pa kuficha uso.

"Basi mumuambie ule muliyeandika," alisema, "akuye apalilie."

Akainama tena. Kwetu mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya. Nilingoja kidogo pale kwenye minyaa ya mpaka, kisha nikashuka peke yangu mpaka barabarani.